Albamu ya Munyi na Nyani wa Kibugu

Munyi ana miaka thelathini na tisa, mke mmoja, ng'ombe wawili na albamu moja, na katika hivyo vyote ni albamu pekee iliyowahi kumkosesha usingizi.

Kazi yake ni karani wa mizani katika kituo cha chai cha Kibugu, kule juu ambako shamba likiisha msitu wa Mlima Kenya unaanza bila hata kubisha hodi. Kila alasiri watu hupanga foleni na majani mabichi, naye hutundika magunia kwenye mizani na kutangaza kilo. Lori la chai huwa linanguruma pale pale mlangoni, maana dereva anaogopa kulizima. Likizimwa leo litawaka keshokutwa. Kwa hiyo Munyi amepigania kusikika juu ya injini hiyo kwa miaka kumi na minne. Koo lake limechanika, likapona, likachanika tena, hadi siku hizi akifungua mdomo kuimba, kinachotoka ni kama mtu anaburuta gogo juu ya mabati. Mwenyewe anasema ni kipawa.

Tusimcheke bado. Anachoimba Munyi ni roki nzito ya Kikristo, ile ya gitaa linalokwaruza na ngoma zinazokimbizana, na aliyemwingiza humo ni mama yake mzazi. Ndiyo, mama. Munyi akiwa kidato cha pili, kanisa lao lilipokea magunia ya nguo kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo, na Igoki, mama yake, ndiye aliyekuwa akizigawa. Katika mfuko wa koti moja akakuta sidii. Mbele ilikuwa na wanaume wanne wenye nywele za kufika kiunoni, lakini Igoki hakuangalia mbele. Aligeuza nyuma, akaona aya ya Biblia, akasema hii ni ya Mungu, akampa mwanawe pamoja na sweta. Sweta ilimbana akamwachia mdogo wake. Sidii haijambana mpaka leo.

Sasa, huyu Igoki si mtu wa hivi hivi tu. Kibugu nzima wanamwita Mwalimu, na hajawahi kushika chaki. Amefundisha kwaya ya kanisa miaka thelathini na miwili, kwa do-re-mi, bila kinanda, na ana sikio ambalo linaweza kumtoa mtu mmoja kati ya arobaini na kumwambia, "Wewe wa shati ya kijani, umeshuka." Alimfundisha Munyi kuimba alto akiwa na miaka saba. Na hapo ndipo penye kidonda. Munyi hakutaka umaarufu, hakutaka kwenda Nairobi, hakutaka hata kupigiwa makofi. Alitaka jambo moja tu: mama yake akae chini, asikilize albamu yake kutoka wimbo wa kwanza hadi wa nane, halafu aseme chochote.

Albamu yenyewe ilirekodiwa mjini Manyatta, katika chumba kilichogawana ukuta na mashine ya kusaga unga. Mpiga ngoma alikuwa Murithi, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye seti yake nzima aliiunda mwenyewe kwa vyuma vilivyobaki na mifuniko ya sufuria. Katika wimbo wa tatu mtu alileta mahindi ya kusagwa, mashine ikawashwa, na inasikika kabisa. Walipotaka kurudia, Murithi alikataa.

"Buda, wacha hapo hapo," alisema. "Hiyo mashine imepiga besi kuliko mtu yeyote tunayemjua."

Wakaiacha. Wakaipa albamu jina la *Tanuri Mara Saba*, na ndani yake mlikuwa na Yeriko, mifupa mikavu, punda wa Balaamu, na ule ambao Munyi aliupenda zaidi, wimbo wa Yona.

Huku kwetu albamu haitoki tu ikaenda zake. Lazima izinduliwe kanisani, ipewe siku yake, mchungaji aiombee, na wageni wakaribishwe chai. Mchungaji Njiru, ambaye ni mtu wa amani na hupenda vijana hata wakiwa na miaka thelathini na tisa, alitoa Jumapili moja ya mwezi wa pili. Munyi na Murithi walianza na Yeriko. Walipofika pale kuta zinapoanguka, ubao mmoja wa dari ya kanisa uling'oka ukaanguka karibu na meza ya wazee. Watu walipiga makofi, wakidhani imepangwa. Katika wimbo wa pili Igoki aliinuka pole pole, akamnong'oneza jirani yake kwamba anaenda kuangalia chai kama imechemka, na hakurudi.

Munyi alimfuata nyumbani jioni hiyo, bado amevaa koti la uzinduzi.

"Maitu, mama yangu, hukungoja hata wa tatu."

Igoki alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho. "Munyi, mimi sijakukataza. Imba. Lakini siku utakayoimba kama mtu, niite. Nitakuja hata kama nimelazwa."

Munyi alimwachia sidii tano mezani, labda moyo wake utalainika. Baada ya wiki mbili alizikuta. Zilikuwa zimefungwa kwa nyuzi juu ya mtama, zinazunguka na kumetameta kwenye jua, na hakuna ndege aliyethubutu kukaribia. Mkewe, Kiende, mzaliwa wa mji wa Laare ambaye hajui kuficha kicheko, alijaribu kumfariji.

"Angalau zinazunguka," alisema.

Basi mambo yakalala hapo hadi mahindi yalipoanza kubeba, na nyani wakashuka kutoka msituni.

Kama hujawahi kulima pembeni mwa msitu, mshukuru Mungu. Nyani wa Kibugu hawaibi kama wezi. Wanakuja asubuhi watu wakiwa wameshatoka kwenda kuchuma chai, wanaingia kwa mstari, na kila mmoja anachukua mahindi mawili, anauma moja na kutupa, anakwenda la tatu. Kiongozi wao ni dume moja kubwa lenye mvi kifuani ambalo watu walilipa jina la Mweka Hazina, kwa sababu kila kinachovunwa Kibugu lazima kwanza kipitie kwake. Ukimpigia kelele anakuangalia. Ukimrushia jiwe anangoja utafute lingine.

Nyamu, jirani wa Igoki wa mpaka kwa mpaka, alikuwa na spika ya sola aliyonunua ya kusikiliza mahubiri. Siku moja aliiweka shambani, akachomeka flashi ambayo hakumbuki alipewa na nani, akaenda kuchuma chai. Aliporudi alikuta hakuna hindi hata moja lililoguswa, na spika inanguruma, "Nyangumi, mteme." Jioni alimkuta Munyi kwenye mizani.

"Karani, ile sauti ya Yona ni wewe?"

"Ni mimi," Munyi alisema, na moyo wake ukaruka. Tangu uzinduzi hakuna mtu aliyekuwa amemtajia wimbo kwa jina.

"Nataka zote nane. Kamili. Usikate hata moja."

Munyi alimpa. Usiku huo alimwambia Kiende kwamba amepata msikilizaji wa kweli, mtu mzima, mwenye kumcha Mungu, anayeelewa. Alitembea siku mbili kama mtu aliyepandishwa cheo. Siku ya tatu akapita kwa Nyamu kumsalimia, akaikuta spika imefungwa juu ya mti wa ua, katikati ya mahindi, na Nyamu hayupo. Albamu yake ilikuwa inayaimbia mahindi.

Ilimuuma, nisikudanganye. Lakini habari ilikuwa imeshatembea, na wiki iliyofuata foleni ya chai ikawa foleni ya flashi. Wakulima wote wa pembeni mwa msitu waliitaka *Tanuri Mara Saba*, na mbaya zaidi walikuwa na maoni. Hakuna mwanamuziki aliyewahi kuchambuliwa namna ile.

"Ule wa punda ni mzuri kwa tumbili, lakini nyani wakubwa wameuzoea," mama mmoja alimwambia akitundika gunia.

"Huu wa tano una shida," alisema Nyamu. "Umeanza na gitaa la pole. Wamerudi."

"Hilo gitaa la pole ndilo roho ya albamu," alisema Munyi.

"Mimi sijakataa. Nakwambia tu kwamba wamerudi."

Na ni kweli. Wimbo wa tano, *Maji Matulivu*, ndio pekee ambao Munyi hakunguruma ndani yake. Nyamu aliapa kwamba ukifika hapo Mweka Hazina hupanda juu ya nguzo ya ua, anakaa na hindi lake mkononi, anafumba macho. Munyi hakujua acheke au alie. Dunia nzima ilikuwa imempa msikilizaji mmoja wa nyimbo za pole, na msikilizaji mwenyewe ana mkia.

Ila shida ilikuwa moja. Nyani wakifukuzwa kwa Nyamu, wanaenda wapi? Wanavuka mpaka. Shamba la Igoki ndilo pekee lililobaki bila spika, na Igoki alikuwa akilinda mwenyewe kwa kupiga sufuria na mwiko, huku goti lake la kushoto likimsumbua tangu mwaka juzi. Munyi alimpelekea spika mpya, imejaa chaji, flashi ndani. Akaisimamisha mlangoni kama mtu anayeleta posa.

"Maitu, wamekula mistari minne. Chukua hii, hutalazimika kukimbia."

Igoki aliiangalia spika, akamwangalia mwanawe.

"Afadhali nyani," alisema.

Maneno mawili tu. Munyi aliibeba spika yake akarudi nayo njia nzima bila kusalimia mtu. Wiki mbili hakumtajia mama yake habari za muziki, naye mama hakuuliza. Kisha goti likavimba, na Igoki akamwita Kiende pembeni baada ya ibada.

"Lete kile kitu chenu," alisema. "Lakini asilete yeye."

Kiende alikipeleka, akakifunga, akaonyesha kitufe cha kuwasha. Munyi alijikaza siku tatu. Ya nne akashindwa, akaomba ruhusa kazini akisema anaumwa tumbo, akajificha katika majani ya ng'ombe ukingoni mwa shamba la mama yake kama mwizi wa kuku. Spika ilikuwa inanguruma vizuri. Nyani hawakuonekana. Na Igoki alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, anachambua maharagwe, na masikioni amejaza pamba. Masikio yote mawili, pamba nyeupe, mabonge makubwa.

Munyi alirudi nyuma kwa magoti hadi barabarani, akampigia Murithi.

"Nimeacha," alisema.

"Umeacha nini?"

"Kuimba. Hakuna albamu ya pili. Uza hizo ngoma, tengeneza geti."

Murithi alimbembeleza, akamwambia mashine ya unga imewekewa mota mpya na itakuwa na besi nzito zaidi, lakini Munyi alikuwa amemaliza. Alikaa miezi miwili bila kugusa gitaa. Alitangaza kilo kwa sauti ndogo, hadi wakulima wakaanza kulalamika kwamba hawasikii. Kiende alisema nyumba imekuwa kimya kama ofisi ya serikali saa tisa. Albamu ilikuwa inapigwa mashambani kuanzia asubuhi hadi jioni, siku sita kwa wiki, na mwenye albamu alikuwa anapita barabarani ameinamisha kichwa.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Siku hiyo kila mtu huleta kanisani sehemu ya alichovuna, na mwaka huo hakukuwa na pa kuweka. Mahindi, ndizi, viazi vikuu, maboga, vyote vilirundikwa nje chini ya hema, na wazee wawili wakawekwa kulinda. Watu walikuwa wameshiba furaha. Mchungaji Njiru alikuwa katikati ya mahubiri kuhusu ukarimu, stima ikapotea, kipaza sauti kikafa, na katika ule ukimya watu wakasikia mzee mmoja kule nje akisema kwa adabu kabisa, "Toka. Tafadhali toka."

Walipochungulia madirishani, nyani walikuwa wamefika. Jumapili ni siku ambayo spika zote za Kibugu hupumzika, na nyani wenyewe walikuwa wameshaijua ratiba. Walikuja kama thelathini, kwa mstari. Mweka Hazina alipita mbele ya wazee wote wawili, akapanda juu ya meza ya kupokelea sadaka, akaketi, akaanza kukagua ndizi. Mzee mmoja alimpungia kitabu cha nyimbo. Mweka Hazina akakichukua.

Watu wote wakageuka kumwangalia Munyi.

Munyi alisimama, akatoka hadi mlangoni. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na hapo akamwona mama yake, amekaa kiti cha kwanza kutoka mlangoni na bakora yake, anamtazama. Alijua anachotakiwa kufanya, na koo lilikuwa tayari, lakini hakuweza kunguruma tena mbele ya yale macho. Alifunga mdomo. Alitaka ardhi impokee, na ardhi haikuonyesha nia.

Ndipo Igoki akaegemea bakora, akainuka, akachechemea hadi kwenye ngazi za kanisa. Akainua mkono wa kulia, vile anavyoinua siku zote, na wanawake wote wa kwaya wakasimama bila kuambiwa, kwa sababu ule mkono wameutii miaka thelathini na miwili.

"Doo," akatoa noti. "Mii. Soo."

Kisha yule mama wa miaka sabini na mmoja, mwalimu wa kwaya, adui wa kelele, akafungua mdomo akanguruma.

"Nyangumi, mteme! Mteme Yona pwani!"

Na kwaya ikapokea, kwa sauti nne, maana hao wanawake wote walikuwa wamelinda mahindi miezi mitatu na hakuna aliyebakiza neno:

"Siku tatu zimetosha, harufu imezidi ndani!"

Soprano walinguruma juu, alto wakanguruma katikati, na bibi wawili wa viti vya nyuma, ambao hakuna aliyejua wana sauti hiyo, walishuka chini kabisa pale ilipokuwa mashine ya unga. Waliimba beti zote tatu, na pale penye kishindo cha ngoma waligonga miguu sakafuni. Kipande kingine cha dari kilianguka. Nyani wa Kibugu waliangaliana, wakaangalia zile ngazi, na nadhani walielewa kwamba hii haikuwa spika. Waliondoka bila mstari. Mweka Hazina aliondoka wa mwisho, na kitabu cha nyimbo hakurudisha.

Mchungaji Njiru alisema "Amina," kwa kukosa la kufanya.

Igoki alikuwa anahema, ameshika ukuta. Munyi alimfikia akamshika mkono, na machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya watu wote, na hakuyaficha.

"Maitu, ulikuwa umeweka pamba. Nilikuona."

"Na mimi nilikuona kwenye majani ya ng'ombe. Pamba ni ya Murithi," alisema Igoki. "Huyo mtoto anapiga ngoma kama anayefukuza panya jikoni. Maneno yalikuwa yanapita."

"Ulisikiliza yote nane?"

"Mara ngapi kwa siku? Tena nina mambo ya kukwambia." Akahesabu kwa vidole. "Wimbo wa Yona, ubeti wa pili, unaingia mapema. Kitabu cha Yona kinasema samaki mkubwa, nyangumi iko Mathayo, chagua moja. Wimbo wa tatu, yule wa besi ni nani?"

"Ni mashine ya unga, maitu."

"Huyo ndiye pekee anayefuata mapigo." Akajipangusa jasho na leso. "Na ule wa tano, wa maji matulivu. Huo hauna kosa."

Munyi alijifuta machozi. Alikubali kwa kichwa tu.

"Alhamisi saa kumi na mbili jioni, mazoezi," alisema Igoki, akimwegemea kuelekea kwenye hema ambako watu walikuwa wameanza kuokota ndizi. "Uje na hilo gitaa. Na usichelewe, unajua sipendi mtu wa kuchelewa."